Chai ya maziwa na mkate si amri

Katika nyumba nyingi mitaani hapa Nairobi, siku huanza na sufuria moja tu. Maji na maziwa huchanganywa nusu kwa nusu, majani ya chai na sukari vikatiwa humo, na chai ikishachemka na kupanda mara mbili humiminwa kwenye themosi. Kando yake huwa pana mkate uliokatwa slesi, au mandazi yaliyonunuliwa kwa mama wa kona. Atakayeuliza iwapo kuna kitu kingine ataonekana mtu wa madaha.

Waama, utaratibu huo una faida zake. Ni wa haraka, hauna gharama kubwa na kila mtu anaujua. Lakini je, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza ni nani mezani pako anayekunywa chai hiyo kwa adabu tu, kisha akashinda asubuhi nzima ameshika tumbo?

Nyumbani kwetu tuko wawili. Mimi mwenyewe sipatani na maziwa. Kikombe kimoja kikubwa chatosha kunijaza gesi na kunikimbiza msalani kabla sijafika kituo cha matatu. Mpwa wangu, binti ya dada yangu ambaye tumeishi naye kwa miaka kadhaa, yeye hapatani na ngano. Hali yake ni nzito kuliko yangu. Mimi nikinywa maziwa nateseka saa chache mambo yakaisha, ilhali yeye akila mkate utumbo wake huharibika hata kama siku hiyo hasikii maumivu yoyote.

Nitaanza na yangu kwa kuwa ndiyo ya watu wengi. Maziwa yana sukari ya asili iitwayo laktosi. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo katika utumbo mwembamba. Kwa takribani thuluthi mbili ya watu wazima duniani, kimeng'enya hicho hupungua baada ya utotoni. Basi sukari isiyovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakaila, na hapo ndipo huja mngurumo, gesi na kuhara.

Jamii za wafugaji zimebahatika zaidi. Mwaka wa 2007, wanasayansi wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa jamii za Kenya, Tanzania na Sudan. Walionyesha kwamba wafugaji wengi wa eneo hili wana mabadiliko ya jeni yanayowawezesha kuendelea kuyeyusha maziwa hata ukubwani. Kwa hivyo, ukimwona jirani akimaliza lita nzima na wewe umeshindwa na kikombe, usijione mgonjwa. Mmeumbwa tofauti, basi.

Tatizo ni kwamba kwetu sisi, chai ya maziwa ni zaidi ya kinywaji. Ni heshima. Mara ya kwanza kulala kwa wakwe zangu kule Nyandarua, mavyaa alinitilia chai iliyopikwa kwa maziwa matupu ya ng'ombe aliyekamuliwa alfajiri hiyo.

"Kunywa, mwanangu," aliniambia. "Chai ya maji hapa hupewa mtu tusiyetaka arudi."

"Mama, sijaikataa chai yako," nilimjibu. "Ni tumbo langu halielewani na maziwa."

Alininyamazia kwa muda. Mume wangu akajifanya anasoma gazeti la wiki iliyopita. Kisha mavyaa akauliza, "Na uji je?" Akaniletea kibuyu cha uji wa wimbi uliochachushwa, mwepesi na wenye ukali wa kupendeza. Aliniambia huo ndio waliokunywa utotoni mwao, wakati chai ilipokuwa ya siku ya wageni.

Maneno ya mavyaa yana ukweli wa kihistoria. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa, lakini chai na mkate ambavyo tunavitetea kama mila si vya kale sana. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903, na kilimo cha ngano kilienezwa na walowezi kama vile Lord Delamere aliyeijaribu Njoro mwanzoni mwa karne ya 20. Wimbi ni mmea wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na umelimwa humu kwa maelfu ya miaka. Isitoshe, gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi ambacho ni zaidi ya maradufu ya kile kilicho katika maziwa ya uzito huo. Ni kweli kwamba mwili haufyonzi kalisi yote iliyomo kwenye nafaka, lakini kuuloweka na kuuchachusha unga husaidia.

Anayesumbuliwa na maziwa, basi, asidhani amehukumiwa kunywa maji. Aweza kunywa strungi yenye tangawizi na iliki. Wengi huvumilia maziwa kidogo yakiandamana na chakula. Maziwa lala na mursik pia huwa na laktosi pungufu, kwa kuwa bakteria wa kuchachusha huwa wamekwisha kula sehemu yake. Na wale waliolelewa Pwani watacheka tukihangaika, kwa sababu wao wamekuwa na tui la nazi miaka yote.

Nikirejea kwa mpwa wangu, ugonjwa wake huitwa siliaki. Mwili humgeukia mwenyewe kila anapokula gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike. Protini hiyo imo pia katika shayiri na rai. Ugonjwa huu hukadiriwa kumpata takribani mtu mmoja katika kila watu 100 duniani. Aliyeuhusisha na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Wakati wa njaa kuu ya majira ya baridi ya mwaka wa 1944 kuingia 1945, mkate uliadimika nchini humo na watoto wenye maradhi haya wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi.

Kwa miaka miwili, binti huyu alitibiwa minyoo, kisha amiba, kisha minyoo tena. Alikuwa mwembamba, damu yake ikipungua kila mara, na wenzake wa rika moja wakimpita kwa kimo. Ni daktari wa maradhi ya tumbo aliyeagiza damu ipimwe, kisha akamteremshia mpira mwembamba wenye kamera na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Jambo moja alilosisitiza nalipitisha kwako, msomaji: ukishuku siliaki, usiache ngano kabla ya kupimwa, la sivyo vipimo vyaweza kuonyesha kwamba huna neno. Ugonjwa huu hauna dawa ya kumeza. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Ilipofika zamu yake ya kwenda shule ya bweni, nyumba iligawanyika. Shemeji, baba yake, alitaka aende. Dada yangu alilia. Tulipofika shuleni kuuliza, tuliambiwa kwamba chakula ni kimoja na hakuna mtoto atakayepikiwa peke yake. Nilimwangalia yule msichana, nikaona anavyoyatazama majengo ya maabara kwa hamu, huku anasikiliza watu wazima wakijadili tumbo lake mbele ya mgeni. Ndipo akasema mwenyewe, "Shangazi, twende tukamwone mpishi."

Wanafamilia wengine wangesema mimi ni mama mdogo wake, lakini yeye huniita shangazi tangu utotoni na hatujambadilisha.

Mpishi alikuwa mzee mtaratibu. Alitueleza kwamba wao hupika uji mara tatu kwa wiki. Mpwa wangu akaomba aonyeshwe gunia. Lilikuwa unga wa mchanganyiko: mahindi, mtama, soya na ngano. Ungeamini kwamba uji ni salama, kumbe sumu yake imo ndani. Mzee alijikuna kichwa, akasema kwamba jiko lake lina pembe ambayo sufuria ndogo yaweza kukaa, mradi unga uletwe na sufuria iwe ya huyo mtoto peke yake. Ofisi ilikubali baada ya kupata barua ya daktari.

Hivyo basi, kila muhula tunanunua wimbi sokoni, tunalichagua kwa mkono, tunaliosha na kulikausha. Kulisaga ndiko kugumu, kwa sababu mashine nyingi za posho husaga ngano pia na mabaki yake hubaki ndani. Tumepata fundi mmoja anayesaga mahindi, mtama na wimbi tu. Shuleni, asubuhi yake ni uji huo pamoja na yai la kuchemsha, au viazi vitamu siku ambazo jikoni kuna viazi.

Nisikudanganye kwamba mambo yote ni shwari. Katika muhula wa kwanza alikula mandazi ya mwenzake aliyekuwa akisherehekea siku ya kuzaliwa. Alinieleza baadaye kwamba hakuwa na njaa, ila alikuwa amechoka kueleza. Nimelifikiria sana jibu hilo. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuvumilia kukosa mandazi. Linalomlemea ni kusimama kila siku mbele ya watu na kutoa sababu.

Kwa manufaa ya walio katika hali kama zetu, haya ndiyo tunayokula nyumbani wakati wa likizo, na hayana maziwa wala ngano. Kwanza, nduma, viazi vitamu au muhogo uliochemshwa usiku, ukapashwa moto asubuhi na kuliwa kwa mayai au parachichi. Pili, uji wa wimbi uliolowekwa tangu jana, ukakorogewa njugu karanga zilizosagwa na ndizi mbivu. Tatu, ugali uliolala, ukakatwa vipande na kukaangwa kidogo hadi ukawa na ganda la kahawia. Nne, siku ya Jumapili, vitumbua au mkate wa kumimina kama wafanyavyo Waswahili: mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa kwa tui la nazi, ukatiwa sukari, hamira na iliki. Mgeni akila mkate huo hatajua kwamba amekula chakula cha wagonjwa. Kwa mbaazi na maharagwe, loweka usiku kucha na uyamwage maji yale, gesi itapungua.

Nimewaweka wanafunzi wa vyuo mwisho, kwa sababu tumbo lao lina kisa chake. Wengi hunieleza kwamba wana vidonda vya tumbo na kwamba wanajitibu kwa maziwa baridi. Maziwa hutuliza moto kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua mwaka wa 1982, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Vingine hutokana na dawa za maumivu kama vile aspirini na ibuprofeni, hasa zikimezwa ovyo. Bakteria huyo hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa za kupunguza asidi, na ni lazima dozi imalizwe. Hakuna staftahi itakayomwua.

Hata hivyo, staftahi yaweza kukupunguzia mateso unapotibiwa. Kula kidogo kidogo, usishinde na njaa hadi saa nane, na uepuke kile ambacho wewe mwenyewe umeona kinakuchoma. Mwanafunzi mwenye jiko dogo la gesi aweza kupika uji usiku, akautia kwenye themosi ukiwa unatokota, na asubuhi akaamkia chakula cha moto kabla ya mhadhara wa saa moja.

Lakini kuna dalili ambazo hazitaki uji wala ushauri wa gazeti. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu au mtoto wako akiacha kukua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki jana mpwa wangu alipiga simu kutoka shuleni. Anataka muhula ujao tumwongezee kilo mbili za wimbi, kwa sababu wenzake wawili wa bweni wameanza kunywa naye. Mmoja wao, asema, hana ugonjwa wowote, ila amechoka na mkate. Wewe nawe, mtu mezani pako akisema kwamba chakula fulani hakimpendi, usimwombe sababu mara ya pili. Muulize tu kipi kinampenda.