Kongosho na Maradhi Yake

Mwezi huu twataka kuwaandikia habari za kiungo kimoja ambacho wengi hawakijui hata kwa jina, nacho ni kongosho. Kiungo hiki kimelala nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake yapata sentimita 15, nacho kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa maji ya kuyeyusha chakula utumboni. Ya pili ni kutia katika damu kitu kiitwacho insulini. Pasipo insulini, sukari itokayo katika chakula hukaa katika damu, isiingie mwilini kufanya kazi. Basi mtu hula akashiba, na mwili wake ukabaki na njaa.

Katika mtaa wetu yuko msichana wa miaka 11, mwanafunzi wetu. Tulimwona amekonda ingawa alikula kuliko ndugu zake. Alikunywa maji bila kukoma, usiku akaamka mara nyingi kwenda haja ndogo, na sisimizi wakakusanyika palipomwagika mkojo wake. Watu wakanena mengi. Wengine walisema ni husuda ya jirani. Wengine walisema ni malaria, akapewa vidonge. Hata siku ya nne akatapika, akahema kwa nguvu, pumzi yake ikanukia kama tunda lililoiva mno, akawa kama mtu aliyelemewa na usingizi. Tukamchukua hospitali. Daktari akamchoma kidole, akatia tone la damu katika kipimo, na mara ikaonekana sukari ni 28. Kwa mtu mwenye dalili kama hizo, ikifika 11.1 tu yatosha kujua kwamba ni kisukari. Akatiwa maji kwa mshipa, akapewa insulini, na siku ya tatu akaketi akaomba uji.

Aliporudi nyumbani ndipo mashindano yalipoanza. Bibi yake akatuambia, "Mwalimu, mtoto amepona, anacheza na wenzake. Mbona bado anadungwa kila siku? Au imani yenu ni haba?"

Tukamjibu, "Bibi, mtoto hajapona, bali anatunzwa. Kongosho lake limeacha kutoa insulini, nasi twamtilia kwa sindano kile alichopungukiwa. Tukiacha, atarudi pale pale, na mara ya pili huenda asifike hospitali. Twamwomba Mungu riziki ya kila siku, na bado jembe twalishika."

Bibi akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na chupa hiyo mtaiweka wapi, nasi hatuna friji?" Tukajua amekubali. Muuguzi alikuwa ametufundisha: chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa maji katikati yake, mahali pa kivuli, na dawa ndani ya mfuko usiopenya maji. Joto kali huiharibu insulini, na kuganda barafu huiharibu vile vile.

Tusidhani dawa hii imekuwako siku zote. Hapo kale mtoto kama huyu alikufa, na waganga wa Ulaya na Marekani hawakuwa na la kumfanyia ila kumnyima chakula ili azidishiwe siku chache. Katika mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata dawa hiyo katika kongosho la mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa kijana Leonard Thompson, umri wake miaka 14, lakini haikumfaa sana. James Collip akaisafisha zaidi, na tarehe 23 akadungwa tena. Sukari ikashuka, naye akaishi mpaka mwaka 1935. Wavumbuzi wakauachia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya dawa hiyo kwa dola moja moja.

Ninyi walimu, mtoto mwenye kisukari akiomba ruhusa ya kwenda chooni, msimzuie. Akitoka jasho, akitetemeka au akianza kusema ovyo, huenda sukari imeshuka mno: mpeni upesi maji ya sukari au soda, kisha chakula. Lakini akizimia, msimtie kitu kinywani. Mpelekeni hospitali mbio.

Tena kongosho lina maradhi mengine. Laweza kuvimba ghafula, nayo maumivu hushika juu ya tumbo yakapenya mpaka mgongoni, pamoja na kutapika. Aghalabu huletwa na vijiwe vya nyongo au na pombe nyingi. Huyo naye ni wa hospitali, apimwe damu, atiwe maji kwa mshipa na kupewa dawa ya maumivu. Tena mnywaji aiache pombe kabisa. Saratani pia hulishika kongosho, nayo hujificha mpaka imekua. Mtu akigeuka manjano macho yake, hata bila maumivu, mkojo ukawa mweusi, choo kikapauka na mwili ukakonda, asingoje.

Basi ndugu, katika nyumba zenu mtoto akizidi kunywa, kukojoa na kukonda, msimtafute aliyemroga. Siku hiyo hiyo mpelekeni akapimwe sukari. Ni tone moja tu la damu. Wasalaam.