Uzalendo wa Kando ya Barabara

Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu alipovuka mstari jijini Tokyo na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja, simu yangu haikutulia kutwa nzima. Wanafunzi, wahadhiri wenzangu, ndugu wa kijijini, hata watu ambao sijapata kuwasikia wakitamka neno riadha, wote walikuwa na ujumbe mmoja: "Tumeshinda." Nami niliandika hivyo hivyo na kuutuma ujumbe katika makundi matatu. Kisha nikausoma tena, macho yakanasa kwenye kiambishi kile cha mwanzo, "tu". Mimi na kiambishi hicho tuna ugomvi wa miaka mitatu. Ulianza kando ya barabara moja mjini Birmingham.

Mwaka 2022 nilikuwa Uingereza kwa shughuli za utafiti, na muda wangu ukaangukia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Birmingham kuanzia Julai 28 hadi Agosti 8. Yafaa tukumbuke kwamba michezo ile ilikuwa ifanyike Durban. Afrika Kusini ilikabidhiwa uenyeji mwaka 2015, ikapokonywa mwaka 2017 kwa sababu ya dhamana za fedha, na Birmingham ikaupokea. Tangu michezo hiyo ianze huko Hamilton, Kanada, mwaka 1930, haijawahi kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kwa hiyo Mwafrika anayetaka kuwaona kwa macho yake Waafrika wenzake wakishindana chini ya kivuli cha Jumuiya hiyo, sharti kwanza aombe viza. Mimi viza nilikuwa nayo kwa sababu nyingine, na nikaona ingekuwa kufuru kutoitumia.

Tiketi za Uwanja wa Alexander, palipofanyika mashindano ya riadha, zilikuwa na bei ya kumfanya mhadhiri wa Kitanzania apige hesabu mara mbili. Marathoni haikuwa na kiingilio. Ni mchezo unaompitia mtu mlangoni kwake. Anachohitaji ni miguu ya kusimamia na subira ya kungojea. Asubuhi ya Jumamosi, Julai 30, nilikwenda Bournville, kitongoji kilichojengwa na familia ya Cadbury kando ya kiwanda chao cha chokoleti, nikachagua mahali pazuri kwenye ukingo wa njia.

Wenyeji walikuja na viti vya kukunja, chupa za chai na watoto. Sisi wengine tulitambuana kwa bendera. Palikuwa na mama mmoja Mkenya, muuguzi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na hakuwa amelala. Palikuwa na kijana Mganda aliyejifunga bendera kiunoni. Mimi nilikuwa nimeazimwa bendera yetu na Mtanzania mmoja mwenyeji wa mji ule, ambaye kazi ya udereva ilimnyima nafasi ya kufika. "Uipunge kwa niaba yangu, kaka," aliniambia, kana kwamba ananikabidhi ujumbe wa kupeleka msibani.

Tulipokuwa tukingojea, niliwasimulia wenzangu historia ya mahali tulipokuwa tumesimama, kama ilivyo desturi mbaya ya wahadhiri. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kakao nyingi iliyofika kiwandani pale ilitoka kisiwa cha São Tomé, ikilimwa na watu waliochukuliwa Angola na kufanyishwa kazi katika hali ya utumwa. Wenye kampuni, waumini wa madhehebu ya Quaker, watu wenye sifa ya uadilifu, walianza kupata habari hizo mwaka 1901. Waliacha kuinunua kakao hiyo mwaka 1909. Katikati hapo ilipita miaka minane ya kuchunguza, kuandikiana barua na kusikitika. Mama Mkenya alinitazama akasema, "Kwa hivyo walikuwa wanajua, wanaangalia tu." Nikaitikia kwa kichwa, nikajiona mwalimu aliyefundisha vizuri. Wakati ule sikujua kwamba somo lile lilikuwa likinihusu mimi.

Pikipiki za polisi zilipita, kisha gari la saa, kisha wakimbiaji. Mtu aliyezoea kuutazama mchezo huu kwenye runinga hajui kasi yao. Kwenye kioo huonekana kama watu wanaotembea kwa haraka ya adabu. Barabarani ni upepo wenye nyayo. Simbu alipita na wenzake. Nilipunga bendera, nikapiga kelele jina lake, nikasikia sauti yangu ikipasuka kama ya mvulana anayebalehe. Sidhani kama alisikia. Macho yake yalikuwa yametazama jambo ambalo sisi hatukuliona. Katika sekunde kumi hivi akawa ameshapita, nami nilikuwa nalia, mtu mzima mwenye shahada tatu, ninajifuta kwa bendera ya kuazima.

"Huyu ni wenu ama ni wetu?" aliuliza mama Mkenya, akicheka.

"Ni wetu," nilimjibu.

Sikuuona mwisho wa mbio. Nilirudi mjini, na nilipofika uwanja wa Victoria Square watu walikuwa wameshapongezana. Victor Kiplangat wa Uganda alikuwa wa kwanza kwa saa 2:10:55, licha ya kupotea njia karibu na mwisho na kulazimika kurudi. Simbu alikuwa wa pili kwa saa 2:12:29. Michael Githae wa Kenya alikuwa wa tatu kwa saa 2:13:16. Uganda, Tanzania, Kenya: nchi tatu zilizounda Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikaiua mwaka 1977, zikaifufua kwa mkataba wa mwaka 1999.

Mstari wa kumalizia ulikuwa mbele ya sanamu ya Malkia Victoria. Majira yale msanii Hew Locke alikuwa ameizungushia sanamu hiyo mashua, akampakia Malkia pamoja na nakala zake ndogo, kama shehena inayosafirishwa kwenda makoloni. Jirani na hapo kuna uwanja wenye jina la Joseph Chamberlain, aliyekuwa meya wa mji huo kabla ya kuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Vijana watatu kutoka nchi zilizowahi kutawaliwa kutoka kisiwa kile walikimbia maili 26 na kuja kusimama juu ya jukwaa mbele ya mashua hiyo. Msomi wa siasa akipewa picha ya namna hiyo huandika makala bila kulala. Nami nilianza kuiandika kichwani nikiwa njiani kurudi nilikofikia: ukoloni, alama zake, ukombozi wa miguu.

Makala ile haikuandikwa. Nikiwa ndani ya basi nilimkumbuka kijana mmoja, na mpangilio wa hoja ukavurugika.

Mwaka 2021, mwanafunzi wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini kwangu. Aliniamkia, akaketi kwenye ncha ya kiti, akanikabidhi karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Yeye na wenzake watano walikuwa wakimbiaji. Walikuwa wakijinoa alfajiri kwenye barabara ya lami, kabla ya magari kuanza kupita, kwa kuwa uwanja wa chuo ulikuwa na mashimo. Waliomba nauli na malazi ya siku nne ili washiriki mashindano ya vyuo katika mkoa mwingine. Walikuja kwangu kwa sababu nilikuwa mjumbe wa kamati iliyokuwa na kifungu kidogo cha fedha za ustawi wa wanafunzi.

Nilizisoma karatasi zile haraka haraka. Kisha nikamuuliza: "Kijana, wewe umekuja hapa kukimbia au kusoma?"

Alijibu kwa upole, "Vyote, Dokta." Nilicheka, nikamwahidi kulifikisha ombi lake kikaoni. Nilitimiza ahadi. Lilifika likiwa chini ya "mengineyo", saa nane mchana, wajumbe wakiwa na njaa. Mmoja alipendekeza fedha zile zinunue viti vipya vya chumba cha mikutano, kwa kuwa wageni walikuwa wakija na viti vilikuwa vinatia aibu. Sikusema neno. Mikono iliponyanyuka, nami nikaunyanyua wangu.

Viti vile bado vipo, ni vizuri, na ninavikalia mpaka leo.

Hicho ndicho nilichokikumbuka nikiwa na bendera mapajani. Mtu niliyelia kwa uchungu wa furaha kwa ajili ya mkimbiaji aliyepita kwa sekunde kumi, ndiye niliyekuwa na mkimbiaji ofisini kwangu kwa dakika ishirini na kumdhihaki. Mzalendo wa Birmingham na mjumbe wa kamati ni mtu mmoja. Nani angenilazimisha kuwatofautisha? Machozi hayana kumbukumbu za kikao.

Marehemu baba alikuwa akipenda kusimulia habari za Filbert Bayi. Februari 2, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, Nyuzilandi, Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. John Walker, kijana wa nyumbani kule, alimfuata kwa karibu kiasi kwamba naye aliivunja rekodi ya zamani. Dunia nzima ikangojea wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilisusia Olimpiki. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500. Mwaka 1986 tulisusia tena, safari hii Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, kwa sababu serikali ya Thatcher ilikataa kuibana Afrika Kusini kwa vikwazo.

Ninaamini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini haki ile ililipiwa na nani? Mwaka 1976 hakuna mhadhiri aliyepoteza kiti chake, wala ofisa aliyepoteza posho, kwa sababu ya msimamo wetu. Mwanariadha aliombwa atoe siku ambayo mwili wa binadamu huipata mara moja tu, akaitoa. Bayi alikuja kupata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi hii inazo. Baadaye Bayi akarudi na kujenga shule. Taifa lilimwomba mkimbiaji sadaka, naye akatoa zaidi ya alichoombwa. Upande wa pili wa mkataba, yaani upande wa sisi tunaosema "tu", umetoa nini? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulifika mahali pa kuisimamisha michezo mashuleni kwa miaka kadhaa, kwa hoja ile ile niliyomtupia kijana wangu: kusoma au kukimbia. Kisha kila baada ya miaka minne tunauliza kwa mshangao kwa nini ndege imerudi bila medali.

Sina ugomvi na kushangilia. Mama Mkenya, kijana Mganda na dereva aliyeniazima bendera hawakuwa wanafiki; kwa mtu aliye mbali na kwao, sekunde zile kumi ni chakula cha mwaka. Ugomvi wangu ni na sisi tuliokalia viti vya kuamua. Kwetu shangwe imekuwa risiti ya deni ambalo hatukulilipa. Na jambo hili haliishii kwenye riadha. Tunamshangilia mkulima siku ya Nane Nane, mwalimu siku yake, muuguzi siku yake. Tunajipanga kando ya barabara, tunapunga, wanapita, tunarudi kikaoni.

Mwaka 2023 niliitafuta namba ya kijana yule nikampigia. Alikuwa ameshahitimu na anafanya kazi katika halmashauri moja. "Shikamoo, Dokta," alisema kwa furaha ya kweli. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, lakini maneno yakanigomea, nikaishia kumuuliza kama bado anakimbia.

"Hapana, Dokta. Siku hizi natazama tu, kama nyie."

Hakulisema kwa kunichoma. Ndiyo maana lilichoma. Radhi nilimwomba hatimaye, vibaya, kwa sentensi zisizo na kichwa wala mguu. Akasema ameshasahau. Mimi sikumwamini, na sidhani kama alitaka nimwamini.

Tangu hapo nimefanya jambo moja, dogo kiasi cha kutia haya kulitaja: niliomba ombi la michezo litolewe kwenye "mengineyo" na kuwa ajenda inayojitegemea, yenye fedha zake na majina ya wajumbe waliounga mkono au kupinga. Ilichukua vikao vitatu. Fedha ziliidhinishwa nusu. Kwa ninyi mnaosoma hapa mkiwa maofisini, wizarani na kwenye halmashauri, nadhani mnalijua faili ninalolizungumzia. Kila ofisi inalo. Kwa ninyi wanafunzi na wanaharakati, dai muhimu ni hili: ombeni muhtasari wa kikao, si hotuba ya pongezi.

Kikao chetu kijacho ni mwezi ujao. Ombi la mwaka huu ni la wanafunzi tisa, na safari hii karatasi imechapwa kwa kompyuta.