Moto wa Igicaniro



Huko Gishubi, katika milima ya Gitega, jioni huingia na baridi. Nilipokuwa mtoto, wazee walikusanyika kuota moto karibu na zizi la ng'ombe, nasi watoto tukakaa nyuma yao tukisikiliza. Walibishana juu ya mipaka ya mashamba, bei ya kahawa na mwenendo wa wakubwa. Mahali hapo kwa Kirundi huitwa igicaniro, kutokana na kitenzi gucana, yaani kuwasha moto.

Kwa hiyo jina la Radio Igicaniro lilinigusa tangu siku ya kwanza. Redio hiyo ya intaneti ilianzishwa Rwanda na Warundi waliokuwa uhamishoni, na miongoni mwa waanzilishi wake ni mwanahabari Floriane Irangabiye, aliyeishi nchini humo kwa zaidi ya miaka 10. Kazi yake ilikuwa kuongoza mijadala ya siasa: kuuliza, kusikiliza, na kuikosoa serikali pale alipoona inastahili kukosolewa. Kwa maneno mengine, aliuhamishia moto wa wazee katika chombo cha kisasa.

Mwezi Agosti 2022 alirudi Burundi kuwatembelea jamaa zake. Tarehe 30 ya mwezi huo alikamatwa, na baadaye akafungwa katika gereza la Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi. Tarehe 2 Januari 2023, mahakama ya Mukaza, jijini Bujumbura, ilimhukumu kifungo cha miaka 10 na faini ya faranga milioni 1 za Burundi kwa kosa la kuhatarisha usalama wa mipaka ya taifa. Silaha hakuwa nayo. Lililoletwa mbele ya mahakama lilikuwa mazungumzo ya redioni. Alikata rufani, na mwezi Mei 2023 hukumu ikathibitishwa. Mwezi Februari 2024 Mahakama ya Juu nayo ikaiacha ilivyo.

Mashirika ya kutetea wanahabari na haki za binadamu, ndani na nje ya Afrika, yaliendelea kudai aachiliwe. Hatimaye, mwezi Agosti 2024, Rais Évariste Ndayishimiye alitia saini msamaha, na tarehe 16 Floriane Irangabiye akatoka gerezani, karibu miaka miwili tangu akamatwe.

Hapa naomba nikiri kosa langu. Siku ile niliingia darasani kwa furaha, nikaandika ubaoni: "Msamaha maana yake ni kuachiliwa huru." Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono, akaniuliza: "Mwalimu, ukisamehewa si lazima uwe umekosa? Yeye alikosa nini?" Nikabaki na chaki mkononi. Mwanafunzi alikuwa ameielewa lugha kuliko mwalimu wake.

Tazama maneno haya matatu. Kuachiliwa ni kufunguliwa mlango. Kusamehewa ni kuondolewa adhabu, huku kosa likihesabiwa kuwa lilitendeka. Kufutiwa hatia ni mahakama kutamka kwamba hatia haipo. Irangabiye alipata mawili ya kwanza. La tatu hakupewa na mahakama yoyote kati ya zile tatu. Ndiyo maana furaha yangu ilikuwa halali, lakini sentensi yangu ilikuwa na kasoro. Mtu mmoja alirudi kwa watoto wake, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, swali la mwananchi anaruhusiwa kusema nini halikujibiwa. Mwanahabari mwingine akikaa leo mbele ya kipaza sauti, hana hukumu ya kumlinda. Ana tumaini tu kwamba naye atahurumiwa. Haki haiombwi kwa magoti, na ikiombwa hivyo huwa imeshageuka fadhila.

Wazee wa Gishubi walijua kwamba mficha maradhi, kifo humfichua. Kwa sababu hiyo walimwacha kila mtu aseme kwenye moto, hata yule ambaye maneno yake yaliwakera, kisha wakamjibu kwa maneno.

Zoezi la juma hili: tunga sentensi tatu, moja kwa kila neno: kuachiliwa, kusamehewa, kufutiwa hatia. Kisha zisome kwa sauti mbele ya mzee wa nyumbani kwenu, umwombe akukosoe.