Ukifika Moshi, usikimbilie chipsi

Wiki hii safu yako ilipanda basi mpaka Moshi, ikatua Njoro. Washkaji wakadhani nakwenda kupanda mlima. Mshiko huo ningeutoa wapi? Kuupanda Kilimanjaro ni ghali, ila kuutazama ni bure, mradi ujue saa yake.

Saa 12 asubuhi uwe macho. Simama Njoro, tazama kaskazini. Kushoto Kibo, mita 5,895, kichwa cheupe. Kulia Mawenzi, mita 5,149, menomeno kama msumeno. Chini yake kijani cha migomba, halafu mabati ya mji. Ikigonga saa 4, mara nyingi mlima umeshajifunika shuka, na wapenda usingizi wanaambulia mawingu. Jioni huwa unachungulia tena.

Macho yakishashiba, linabaki tumbo. Niliingia kwenye kibanda cha mama lishe mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chipsi bado, mafuta hayajapata moto."

"Nataka mtori, mama."

Akanitazama juu mpaka chini, akacheka. "Vijana wenzio wanasema mtori ni wa wazazi!"

Ni kweli, Uchagani mama aliyejifungua hupewa mtori apate nguvu. Kwani sisi wengine nguvu hatuzitaki? Ndizi mbichi zinachemshwa na nyama ya ng'ombe mpaka zilainike, zinapondwa ziwe uji mzito, nyama inabaki humo humo. Bakuli la moto na kibaridi kile cha asubuhi, bwana wee! Ndizi zisipopondwa, zikabaki vipande na mchuzi wake, hiyo ni machalari. Zikipikwa na maharage, kiburu.

Nikiwa nafuta bakuli, mama akaniambia mtori siku hizi anaupika mara mbili tu kwa wiki. Wateja wanataka chipsi mayai, na sufuria ikilala ni hasara yake. Hapo roho ikaniuma.

Maana hata ule weupe wa Kibo unakwisha. Wanasayansi walipima wakakuta kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya kileleni ilitoweka. Ile barafu mimi na wewe hatuwezi kuirudisha kwa kijiko. Mtori tunauweza. Mama anapika kinachonunuliwa, basi. Kwa hiyo ukishuka stendi ya Moshi, usione haya wala usiogope kuitwa mshamba. Agiza mtori, lipa, kesho yake rudi na rafiki.