Taa ya Diski Isiyotulia

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta ya mezani huwa wameshaihukumu: "Fundi, hii imechoka, prosesa imekufa." Dalili wanazieleza vizuri. Mshale unagoma, herufi zinachelewa kisha zinatokea kwa mkupuo, muziki unakatikakatika. Baada ya muda mashine inazinduka yenyewe.

Bisibisi siigusi kwanza. Namwomba mwenyewe akae afanye kazi zake kama kawaida, afungue Excel, kurasa zake zote za intaneti na WhatsApp, nami naweka Task Manager pembeni. Ikianza kukwama ndipo natazama. Mara nyingi prosesa iko asilimia 10 tu, RAM ya GB 4 imejaa pomoni, na diski iko asilimia 100. Ile taa ndogo mbele ya kasha haipepesi tena, imewaka moja kwa moja.

RAM ikijaa, Windows huhamishia baadhi ya vitu kwenye diski, na ukivihitaji huvirudisha na kutoa vingine vipishe. RAM hujibu ndani ya sehemu ya milioni kumi ya sekunde hivi. Diski ya kuzunguka huhitaji karibu sehemu ya mia ya sekunde. Tofauti ni kama mara laki moja, na kila safari mtumiaji anaisubiri.

Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning aliichambua hali hii: programu zikizidi kumbukumbu, muda wote huishia kwenye kuhamisha, kazi yenyewe karibu isimame. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mfumo unaogawa kazi, ukiona prosesa imekaa bure, unaweza kuiongezea programu nyingine, na hapo ndipo mambo huharibika kabisa. Dawa yake ilikuwa kutoingiza programu mpya mpaka ipatikane nafasi ya yale inayoyahitaji kwa wakati huo.

Namfahamu katibu muhtasi anayeishi hivyo. Anaanza barua, anaitwa kutafuta faili, simu inalia, mgeni anaingia. Akirudi kwenye barua inabidi aisome upya toka juu. Jioni amechoka hoi na barua haijaisha. Bosi wake anaona barua tu, basi kesho anamwongezea daftari la mahudhurio. Naamini huyo dada hana uvivu hata chembe, na kumwita mvivu ni dhuluma.

Kwa hiyo kabla ya kumuuzia mtu chochote, nazima programu zinazojiwasha zenyewe, kisha tunapima tena. Ikiwa mashine inazima ghafla au inaleta skrini ya bluu, hilo ni jambo jingine: naiacha MemTest86 ikague RAM usiku kucha. SSD nayo hufupisha safari, ila upungufu unabaki palepale. Wengi huondoka na kipande cha pili cha RAM na prosesa yao ileile waliyodhani imekufa.