Supachaja, waranti na kompyuta inayokumbuka kila kitu

Wadau, leo hakuna msimbo. Au tuseme upo, ila umejificha chini ya boneti.

Binamu yangu ni muuguzi Denver, Marekani. Mwaka jana alinunua Ford Mustang GT ya 2024, gia za mkono, kwa mkopo. Sasa anataka kuifunga supachaja. Aliponipigia simu nilimkumbusha kwamba mimi hupanda matatu, na kuhusu magari najua pa kukaa tu. Akasema, "Ndugu yangu, hii si habari ya magari. Ni karatasi na kompyuta. Wewe ndiye uliyesomea kompyuta, nisomee." Basi akanitumia rundo la nyaraka, nami nikazisoma usiku nne mfululizo.

Msije mkadhani ni mchezo wa watoto wa kishua. Mkopo wa gari bado una miaka mingi, na mshahara unaoulipa ndio huo huo unaomlipia mdogo wake karo ya chuo kikuu huku nyumbani. Injini ikipasuka bila mtu wa kuilipia, kuna msichana atakayerudi nyumbani muhula ujao. Kwa hivyo nilisoma kila neno, hata yale ya herufi ndogo.

Swali lake lilikuwa moja: "Nikifunga, nitabaki na waranti?" Baada ya usiku nne nilimwambia swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo wala hapana. Linaloweza kujibiwa ni hili: kitu kikivunjika, nani atalipa, na atajuaje kilichokivunja?

Kwanza, mnyama mwenyewe ni yupi

Turbo tunaijua, asanteni wenye Subaru mnaotuamsha saa saba usiku. Supachaja ni ndugu yake. Zote mbili hushindilia hewa ndani ya injini. Tofauti ni kwamba turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi, na supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe. Ndiyo maana haisubiri. Ukikanyaga, nayo ipo.

Hewa zaidi pamoja na petroli zaidi ni nguvu zaidi. Mustang GT ya 2024 hutoka kiwandani na injini ya V8 ya lita 5.0 yenye nguvu za farasi 480. Supachaja ya Whipple inayouzwa na kitengo cha Ford Performance huipeleka hadi farasi 800. Probox ya lita 1.5 ina farasi mia moja na kidogo. Yaani ni Probox saba, bila miraa.

Binamu yangu ana sababu ambayo mtu wa Nairobi ataielewa. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari, karibu sawa na sisi. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo wala supachaja hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu ya haraka: amelipia farasi 480, anaendesha kama 400. Kwa maneno yake, anataka kurudishiwa farasi wake, na wengine waje na wageni :-)

Hapa ndipo programu inapoingia

Watu hudhani kazi ni chuma: fungua, funga, kaza bolti. Chuma ni nusu tu. Injini hiyo hubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 12 hata kabla ya supachaja. Ukiongeza hewa halafu kompyuta ya injini isijue, petroli itakuwa chache, joto litapanda, na mchanganyiko utalipuka kabla ya wakati wake. Pistoni haivumilii mambo hayo kwa muda mrefu.

Kwa hivyo ni lazima kuandika upya majedwali ndani ya kompyuta hiyo: petroli kiasi gani, cheche iwake lini, mwisho wa mzunguko uwe wapi. Majedwali hayo hudhania petroli fulani. Ya Ford Performance hutaka oktani 91. Huko Colorado petroli ya bei ya chini kabisa ni oktani 85. Ukikosea pampu siku moja kwa sababu mshahara haujaingia, umevunja sharti ambalo programu nzima imejengwa juu yake. Nilimwambia atunze risiti za petroli. Alicheka. Nikamwambia sichezi.

Sheria inasema nini

Marekani wana sheria inayoitwa Magnuson-Moss, iliyotiwa saini mwezi Januari 1975 na Rais Gerald Ford (hana undugu na kampuni ya magari, nilihakikisha). Sheria hiyo inakataza mtengenezaji kukuambia kwamba waranti yako itakufa kwa sababu tu hukutumia vipuri vyake, isipokuwa kama anakupa vipuri hivyo bure au ameruhusiwa kwa idhini maalumu. Si maandishi ya kupamba ukuta. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilizionya kampuni sita kuhusu jambo hili, na mwaka 2022 ikaichukulia hatua Harley-Davidson.

Ukiingia kwenye mijadala ya wapenda magari utaona sheria hii ikitajwa kama hirizi. "Hawawezi kukunyima, kuna Magnuson-Moss!" Lakini isome hadi mwisho. Inazuia kunyimwa kwa sababu umebadilisha kitu. Haizuii kunyimwa kwa sababu kitu ulichobadilisha ndicho kilicholeta uharibifu. Kioo cha dirisha kikikataa kupanda, supachaja haihusiki, na Ford watalipa. Pistoni ikitoboka, watauliza, na wana haki ya kuuliza. Katikati ya hapo kuna klachi, gia na ekseli, vitu ambavyo vilitengenezwa kwa farasi 480 na sasa vinabeba 800. Hapo katikati ndipo pesa za watu hupotelea.

Sisi tuliozoea magari ya kutoka Japani yaliyokwisha kutumika hatuyajui mabishano haya. Waranti yetu ni fundi wa Grogan na namba yake ya simu. Kitu kikivunjika unalipa, hakuna wa kubishana naye. Binamu yangu ana kitu cha kupoteza, na kitu cha kupoteza kina masharti.

Barabara tatu

Kwa jinsi nilivyosoma, mwenye Mustang kama yake ana njia tatu.

1. Afunge kifaa kinachouzwa na mtengenezaji mwenyewe, kikiwa na programu iliyotiwa saini na mtengenezaji, na kazi ifanywe na gereji ya Ford au fundi mwenye cheti cha ASE. Ford Performance hutoa waranti ya miaka 3 au maili 36,000 (kama kilomita 58,000) kwa njia hiyo. Sasa soma kama mhasibu. Waranti ya kawaida ya Ford kwa injini na gia ni miaka 5 au maili 60,000 (kama kilomita 97,000). Tangazo linasema "unabaki na waranti". Hesabu inasema kuna miaka 2 na maili 24,000 ambazo hufai kuziegemea tena kwa jambo lolote linalogusa supachaja.

2. Afunge kifaa cha kampuni nyingine inayotoa waranti yake yenyewe. Kitu kikivunjika kuna wawili wa kulipa, na kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: mwenye seva anasema ni hifadhidata, mwenye hifadhidata anasema ni seva, mteja amekaa katikati na tovuti imelala.

3. Anunue kifaa, amtafute fundi mjanja amwandikie majedwali yake mwenyewe. Nguvu ni nyingi zaidi, bei ni ndogo, na waranti ya injini ni maombi. Tena Mustang ya 2024 imekuja na mfumo wa kielektroniki uliofungwa kwa usimbaji mgumu kuliko kizazi kilichotangulia, kwa hivyo njia yenyewe imekuwa nyembamba.

Kuna ya nne pia, isiyo ya kufunga chochote: kununua gari lililotoka kiwandani na supachaja yake. Dodge walifanya hivyo na Challenger Hellcat tangu toleo la 2015, farasi 707, mpaka Challenger ilipoacha kutengenezwa mwishoni mwa 2023. Ford walikuwa na Shelby GT500, farasi 760. Hapo aliyetengeneza injini ndiye aliyeweka supachaja, na ubishi unaisha. Lakini binamu ameshanunua lake.

"Si nirudishe programu ya zamani tu?"

Swali hili alilileta usiku wa tatu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu cha magendo. Rafiki yake alimwambia achukue njia ya tatu, na siku mambo yakiharibika ang'oe supachaja, arudishe programu ya kiwandani, apeleke gari gereji akiwa na uso wa mtoto mchanga.

Nilimjibu kama mtu wa kompyuta kwanza. Magari ya kisasa yana kiwango cha OBD-II, na ndani yake kuna namba inayoitwa CVN. Ni kama alama ya kidole ya programu iliyomo: ukibadilisha majedwali, namba hubadilika. General Motors wamewaagiza mafundi wao waisome na kuihifadhi kabla ya kuidhinisha injini mpya ikiwa wanashuku. Audi na Volkswagen huweka alama ya TD1 kwenye rekodi za gari lililobadilishwa programu, na alama hiyo hulifuata gari kila gereji.

Basi turudishe ya zamani na namba irudi? Namba itarudi. Lakini ukifuta kumbukumbu za hitilafu, kompyuta huanza kuhesabu umbali uliosafiri tangu zifutwe, na mara ngapi injini imepata moto tangu hapo. Gari lenye maili 20,000 linalosema kumbukumbu zake zilifutwa kilomita 6 zilizopita, huku injini ikiwa imetoboka, limeshatoa ushahidi. Kufuta nyayo nako huacha nyayo. Yeyote aliyewahi kukesha akisoma logi za seva analijua hilo.

Kisha nikamjibu kama ndugu. Kupeleka gari namna hiyo ni kudai pesa kwa uongo. Yeye ana leseni ya uuguzi na anaishi ugenini. Niliona hasara ya farasi 320 ni ndogo kuliko hasara hiyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Hiyo tumefunga."

Tulichofanya

Tuliandika maswali manne, yakatumwa kwa barua pepe kwa gereji mbili, si kwa simu. Moja: miaka 3 hiyo inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kufunga au siku gari lilipouzwa? Mbili: klachi, gia na ekseli zimo au hazimo? Tatu: gereji nyingine ya Ford, jimbo jingine, italazimika kuikubali karatasi hii? Nne: nani ataweka kwenye rekodi ya gari kwamba kazi ilifanywa na fundi mwenye cheti, na nitapata nakala?

Gereji ya kwanza ilipiga simu siku hiyo hiyo. Maneno matamu, "usijali kabisa, waranti yako ipo pale pale". Alipoomba wayaandike, kimya. Wiki mbili, kimya. Gereji ya pili ilichukua siku nane na kujibu yote manne kwa maandishi, na mawili kati ya majibu hayo hayakuwa mazuri. Klachi haimo. Saa ya waranti ilianza kupiga siku aliponunua gari, kwa hivyo mwaka mmoja umeshaliwa.

Amechagua ya pili, na amepewa tarehe. Kifaa ni dola 10,000 na zaidi kidogo, kufunga ni juu yake. Tena ameamua kusubiri miezi mitano zaidi ili aweke kando pesa za klachi kwanza, kwa kuwa sasa anajua kwamba klachi ni yake. Karo ya muhula ujao imeshalipwa, hilo nililiulizia.

Mkinunua chochote chenye waranti, iwe simu, jokofu au gari la farasi 800, msiulize kama waranti ipo. Ulizeni inaishia wapi, na muulize kwa maandishi. Anayejua mpaka wake hataogopa kuuchora.

Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Wenye Subaru, lalani mapema.