Niko Nachoka

Mama mukubwa wangu anauza unga wa mahindi katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Miaka mitatu baada ya kumaliza matibabu ya saratani ya titi, alianza kuniambia kila jioni, akitua beseni lake: "Mwana, niko nachoka."

Familia ikanituma nimsindikize kwa munganga, kwa sababu mimi ndiye ninayesoma lugha. Daktari alitoka Kinshasa na Kiswahili hakukijua. Aliuliza kwa Kifaransa mgonjwa anasikia nini. Mama mukubwa akajibu, "Niko nachoka." Nami nikatafsiri: *fatiguée*. Daktari akaliandika neno hilo kwenye fishi, akaagiza vitamini na mapumziko. Hatukumaliza hata dakika kumi.

Kwa kamusi, tafsiri yangu ilikuwa sahihi. Lakini mama mukubwa hakuwa na uchovu wa mtu aliyefanya kazi nyingi. Alikuwa akisema kwamba pumzi inamkatikia kati ya soko na nyumbani Katuba, hata anasimama mara tatu njiani na kujifanya anasalimia watu. Kwetu, kuchoka hubeba yote hayo. Nilijua, maana nimezaliwa ndani ya Kiswahili hicho, ila mbele ya koti jeupe nilichukua neno lililokuwa karibu.

Miezi minne baadaye miguu yake ilivimba, na hakuweza tena kulala bila mito mitatu. Katika hospitali nyingine, daktari mmoja mwanamke alimpima moyo kwa ekografia, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: alipewa ile dawa nyekundu? Alipewa. Inaitwa doksorubisini. Huua seli za saratani, lakini inaweza pia kudhoofisha msuli wa moyo, na kadiri jumla ya dozi inavyopanda ndivyo hatari inavyozidi. Udhaifu huo unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya dozi ya mwisho. Ndiyo maana hushauriwa moyo upimwe kabla ya kuanza, na baadaye pia. Wa mama mukubwa haukuwa umepimwa hata mara moja.

Marekani, watafiti wameonyesha kwamba wanawake weusi wanaotibiwa saratani ya titi hupatwa na matatizo ya moyo zaidi ya weupe. Sababu zinazotajwa ni nyingi: shinikizo la damu lisilotibiwa vizuri, bima, umbali wa hospitali, malalamiko yasiyosikilizwa. Hapa kwetu daktari na mgonjwa wote ni weusi, na mtu anaweza kudhani habari hiyo haituhusu. Lakini mji huu ulipangwa kwa rangi. Wakoloni waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, na kila upande ukawa na hospitali yake. Tangu miaka ya 1920, madini ya Shinkolobwe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, kutengenezwa radiamu, na radiamu hiyo ikatibu saratani za watu wa Ulaya. Mama mukubwa alipohitaji mionzi, tuliuza kiwanja ili avuke Kasumbalesa mpaka Lusaka.

Sasa anameza vidonge vya moyo kila asubuhi na amerudi sokoni, siku tatu kwa juma. Nilimwomba radhi kwa tafsiri yangu. Akacheka: "Mwana, Kifaransa yako ilikuwa muzuri."

Nawaandikia wenzangu wa kitivo kwa sababu wengi wetu ndio wakalimani wa familia zetu. Kabla ya kutafsiri "niko nachoka", uliza kwanza: unachoka ukitembea, au hata ukilala? Unalalia mito mingapi? Miguu inavimba? Na kama mtu aliwahi kutibiwa saratani, mwambie daktari jambo hilo mwanzoni kabisa, hata ikiwa imepita miaka kumi, na taja dawa alizopewa. Hifadhini fishi. Mimi bado ninayo ile ya kwanza ya mama mukubwa, yenye neno langu.